Kobe wa Uzi: Jinsi ya Kufuma Mdoli wa Kwanza kwa Krosheti

Mdoli mdogo wa mnyama, unaotosha kwenye kiganja cha mkono, unaweza kufumwa na mtu ambaye hajawahi kushika sindano ya krosheti. Hauhitaji umeme, cherehani wala chumba cha kazi. Mama anayekaa na mtoto nyumbani Utange anaweza kuufuma barazani, kijana anayesubiri kibarua anaweza kuufuma kivulini, na mzee ambaye miguu haimruhusu kutembea mbali anaweza kuufuma akiwa ameketi.

Hata hivyo mdoli ni kitu cha mtoto, na mtoto hutia mdomoni kila anachokishika. Jicho la kifungo likichomoka linaweza kumkaba koo. Kwa hiyo makala haya yanaeleza mambo matatu kwa pamoja: namna ya kufuma, namna ya kuhakikisha mdoli ni salama, na namna ya kupanga bei kwa yule atakayetaka kuuza.

KWA NINI KOBE

Mnyama tuliyemchagua ni kobe. Umbo lake ni rahisi: gamba la duara, tumbo bapa, kichwa, miguu minne na mkia mfupi. Anayeanza hujifunza mbinu zote za msingi katika mnyama mmoja.

Isitoshe, kobe ni jirani yetu. Hapa Bamburi, katika bustani ya Haller Park iliyooteshwa juu ya machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji, wamo kobe wakubwa ambao watu husafiri kutoka mbali kuja kuwaona. Mwishoni mwa Desemba 2004, baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, ndama wa kiboko aliyeachana na wenzake aliokolewa karibu na Malindi akaletwa katika bustani hiyo. Alipewa jina la Owen. Badala ya kuwaendea viboko, alimng'ang'ania kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, Ushelisheli, aitwaye Mzee. Habari zao zilienea duniani kote. Mgeni akinunua kobe wa uzi Utange, ananunua kitu chenye hadithi ya hapa hapa.

Kuna sababu nyingine. Kasa wa baharini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na kuuza gamba au kitu kilichotengenezwa kwa gamba la kasa ni kosa. Kobe wa uzi anaweza kuwekwa mezani kwa mnunuzi bila muuzaji kuangalia nyuma.

KAZI YA MKONO YENYE HISTORIA

Midoli ya aina hii ilipata umaarufu mkubwa kutoka Japani, ambako huitwa amigurumi, yaani mdoli uliofumwa na kujazwa. Krosheti yenyewe ina umri mkubwa zaidi. Ireland ilipokumbwa na njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, wanawake wengi walifuma lesi za krosheti na kuziuza ili familia zao zipate chakula.

Hapa Kenya, kikundi cha Kenana Knitters cha Njoro, Kaunti ya Nakuru, kilianza mwaka 1998. Wanawake wa vijijini husokota sufu ya kondoo na kufuma midoli ya wanyama ambayo huuzwa hadi nchi za nje. Mombasa nayo si ngeni katika kazi za mkono. Wachongaji wa Akamba Handicraft kule Changamwe wamekuwa wakitengeneza wanyama wa mbao kwa miaka mingi, na karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969, zimewapa watu wenye ulemavu kazi ya kutengeneza mapambo, nguo na vitu vya ngozi.

Jambo moja linampa mfumaji nguvu: sweta hufumwa kwa mashine, lakini krosheti halisi inayouzwa madukani bado hufumwa kwa mkono. Kiwanda hakiwezi kukushinda kwa kasi katika kazi hii.

VIFAA

Uzi. Tafuta uzi wa unene wa wastani, wa rangi isiyo nyeusi. Uzi mweusi huficha mashono na humsumbua anayejifunza. Uzi wa pamba hufaa joto la Pwani, hunyonya jasho na huoshwa kwa urahisi. Uzi wa akriliki ni mwepesi na una rangi nyingi, ila huharibika ukiguswa na pasi ya moto. Utahitaji rangi mbili, moja ya gamba na nyingine ya mwili.

Asiye na pesa za uzi mpya anaweza kununua sweta la mtumba katika soko la Kongowea na kulifumua. Kabla ya kununua, geuza sweta ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Ikiwa kingo zimekatwa na kuzungushiwa uzi wa cherehani, liache, kwa sababu litakupa vipande vifupi tu. Ikiwa kingo ni nzima na zimeunganishwa kwa mshono unaofumuka, uzi utatoka mrefu. Ufue, uning'inize ukiwa na uzito mdogo mwishoni ili unyooke, ndipo uukunje kuwa donge.

Sindano ya krosheti. Ni ile yenye ndoano kichwani. Kwa uzi wa wastani tumia ya milimita 3 hadi 3.5. Sindano kubwa mno huacha matundu na pamba ya ndani huchungulia.

Sindano butu ya kushonea yenye tundu kubwa, mkasi, na kipande cha uzi wa rangi tofauti cha kuweka alama. Usitumie pini kuweka alama, kwani ikisahaulika ndani ya mdoli itamchoma mtoto.

Cha kujazia. Kilicho bora ni pamba laini ya mito, ile ya nyuzi za poliesta, kwa sababu huoshwa na kukauka. Sufi ya mti wa msufi ni nyepesi na inapatikana kwetu, lakini hutoa vumbi, hushika moto upesi na hujikusanya madonge ikioshwa. Ifae mdoli wa pambo, usiwe wa mtoto mchanga. Usijaze mchele, kunde wala maharagwe: wadudu huingia, na mshono ukifumuka punje hizo zinaweza kumkaba mtoto. Usijaze karatasi za plastiki wala vipande vya sponji.

MBINU TANO ZA KUJUA KWANZA

1. Kitanzi cha kwanza. Zungusha uzi utengeneze tanzi, pitisha sehemu ya uzi mrefu ndani yake, tia sindano na uvute hadi kitanzi kikae kwenye sindano bila kubana.

2. Mnyororo. Zungusha uzi juu ya sindano, uvute upite ndani ya kitanzi kilichopo. Hicho ni kitanzi kimoja cha mnyororo. Fanya mazoezi ya mnyororo mpaka vitanzi vyako vilingane. Usione haya kufumua.

3. Shono fupi. Juu ya kila shono utaona nyuzi mbili zenye umbo la herufi V. Ingiza sindano chini ya nyuzi zote mbili, zungusha uzi, uvute utoke upande wako. Sasa una vitanzi viwili kwenye sindano. Zungusha uzi tena, uvute upite katika vyote viwili. Kobe wetu karibu wote ni shono hili moja.

4. Kuongeza. Fuma mashono mafupi mawili ndani ya shono moja. Duara hupanuka.

5. Kupunguza. Ingiza sindano katika shono la kwanza, vuta kitanzi. Ingiza katika shono linalofuata, vuta kitanzi kingine. Una vitanzi vitatu. Zungusha uzi, uvute upite katika vyote vitatu. Mashono mawili yamekuwa moja.

Anayetumia mkono wa kushoto afanye yote haya kwa mkono wake. Kazi yake itazunguka upande wa pili, na hesabu haibadiliki.

KUFUMA GAMBA

Tunafuma kwa kuzunguka bila kukata, kama ngazi ya mnara. Mwanzoni mwa kila mzunguko weka kipande cha uzi wa alama kwenye shono la kwanza, na uhamishe alama hiyo kila unapomaliza. Nambari iliyo mwishoni mwa mstari ni jumla ya mashono. Hesabu kila mara.

Anza kwa kitanzi cha kwanza, kisha fuma mnyororo wa vitanzi 2.

Mzunguko wa 1: fuma mashono mafupi 6, yote ndani ya kitanzi cha kwanza cha mnyororo ulichofuma, kile kilicho mbali na sindano. Jumla 6.
Mzunguko wa 2: ongeza katika kila shono. Jumla 12.
Mzunguko wa 3: shono 1, kisha ongeza, rudia mara 6. Jumla 18.
Mzunguko wa 4: mashono 2, kisha ongeza, rudia mara 6. Jumla 24.
Mzunguko wa 5: mashono 3, kisha ongeza, rudia mara 6. Jumla 30.
Mzunguko wa 6: mashono 4, kisha ongeza, rudia mara 6. Jumla 36.
Mzunguko wa 7 hadi wa 10: shono moja katika kila shono, bila kuongeza. Jumla 36 kila mzunguko.

Angalia siri iliyomo. Kila mzunguko wa kupanua huongeza mashono 6, si zaidi wala si pungufu, na hiyo ndiyo inayofanya duara likae bapa. Ukiongeza zaidi, kingo hujikunja kama mawimbi. Ukiongeza pungufu, kazi hujikunja kama bakuli. Kuanzia mzunguko wa 7 tumeacha kuongeza makusudi, ili gamba lianze kuinama kama kofia. Mwishoni kata uzi, uvute upite kwenye kitanzi cha mwisho, ukaze.

TUMBO, KICHWA, MIGUU NA MKIA

Tumbo. Chukua rangi ya mwili. Rudia mzunguko wa 1 hadi wa 6 kama ulivyofanya kwenye gamba, kisha simama. Una duara bapa lenye mashono 36. Kata uzi ukiacha urefu wa kama sentimita 50 wa kushonea.

Kichwa. Mzunguko wa 1: mashono 6. Wa 2: ongeza katika kila shono, jumla 12. Wa 3: shono 1, kisha ongeza, mara 6, jumla 18. Wa 4 hadi wa 6: shono moja katika kila shono, jumla 18. Wa 7: shono 1, kisha punguza, mara 6, jumla 12. Jaza pamba. Wa 8 na wa 9: shono moja katika kila shono, jumla 12. Hiyo ni shingo. Acha wazi, na ubakishe uzi mrefu.

Miguu, fuma minne. Mzunguko wa 1: mashono 6. Wa 2: shono 1, kisha ongeza, mara 3, jumla 9. Wa 3 hadi wa 5: shono moja katika kila shono, jumla 9. Jaza pamba kidogo, bakisha uzi.

Mkia. Fuma mnyororo wa vitanzi 4. Ruka kitanzi kilicho karibu na sindano, fuma shono fupi katika vitatu vilivyobaki.

KUUNGANISHA

Kwanza tia macho. Tumia uzi mweusi na sindano butu, ushone mishono minne au mitano mahali pamoja kila upande wa kichwa. Usitumie shanga, kifungo wala jicho la kubandika kwa gundi ikiwa mdoli ni wa mtoto mdogo.

Kisha shona kichwa, miguu na mkia kwenye ukingo wa tumbo: kichwa mbele, mkia nyuma, miguu miwili kila upande. Zunguka kila kiungo mara mbili. Baada ya hapo weka gamba juu, mashono 36 ya gamba yakitazamana na 36 ya tumbo, na ushone shono kwa shono. Nafasi ikibaki ya vidole viwili, jaza pamba. Jaza kidogo kidogo ukisukuma pembeni kwanza, la sivyo gamba litakuwa na mabonde. Malizia kushona, funga fundo, kisha pitisha ncha ya uzi ndani ya mwili mara mbili tatu kabla ya kukata. Fundo lililoachwa nje hufunguka.

MATATIZO YA KAWAIDA

Hesabu haitimii. Mara nyingi umeruka shono la kwanza la mzunguko au umelifuma mara mbili. Fumua hadi kwenye alama, uanze mzunguko huo upya. Kosa la shono moja katika mzunguko wa 3 hupindisha gamba lote.

Pamba inaonekana. Unafuma kwa ulegevu. Tumia sindano ndogo zaidi.

Sindano haiingii. Unabana mno. Legeza mkono unaoshika uzi, si ule wa sindano.

Mkono unauma. Pumzika kila nusu saa, nyoosha vidole, na fuma kwenye mwanga wa kutosha.

MDOLI SALAMA KWA MTOTO

Kabla ya kumpa mtoto au mnunuzi, fanya majaribio haya manne.

La kwanza, vuta kila mguu, kichwa na mkia kwa nguvu, kama mtoto anayegombania kitu na mwenzake. Kikilegea, shona upya. Miguu ya kobe huyu ni midogo, na ukichomoka mmoja unatosha kuziba koo.

La pili, kipimo cha tundu. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vichezeo hutumia bomba lenye upana wa milimita 31.7 kupima vipande vidogo. Nyumbani tumia kigogo cha karatasi ya chooni. Kipande chochote kinachoweza kuchomoka na kupita humo hakifai mtoto aliye chini ya miaka 3.

La tatu, osha mdoli kwa maji na sabuni, uukamue na uuanike juani mpaka ndani pakauke. Kwa unyevunyevu wa Pwani, mdoli uliokauka nje tu huota ukungu ndani. Rangi ikitoka, usimpe mtoto.

La nne, tazama nyuzi ndefu. Usitie kamba ya kuning'iniza, kwani inaweza kujisokota kwenye shingo ya mtoto. Na mtoto mchanga asilazwe na mdoli kitandani.

UKITAKA KUUZA

Kobe huyu ana mashono 693. Ukifuma mashono 10 kwa dakika, ni takriban dakika 70 za kufuma tu, kabla ya kushona viungo na kujaza. Anayeanza atachukua muda mrefu zaidi. Wengi huhesabu bei ya uzi na kusahau saa zao.

Huu ni mfano wa hesabu. Tuseme uzi wa kobe mmoja ni shilingi 70, pamba 30, na nauli ya kununua vifaa ukiigawa kwa kila kobe ni 20. Jumla ni 120. Tuseme unatumia saa 2 na unataka shilingi 100 kwa kila saa. Kazi yako ni 200. Kobe amegharimu shilingi 320. Ukimuuza kwa 250 ukidhani umepata faida ya 130, ukweli ni kwamba umejilipa shilingi 65 kwa saa. Ukijua hesabu hii utaweza kuamua mapema mahali pa kupunguza bei na mahali pa kukataa. Weka bei zako halisi badala ya hizi.

Mnunuzi wa jumla hutaka midoli inayofanana. Andika hesabu ya mashono kwenye daftari, tumia sindano ya namba ileile, na pima kobe wa kwanza na wa kumi. Tofauti ikiwa kubwa, mmoja katika kikundi anafuma kwa kubana na mwingine kwa kulegea.

Wanaotaka kufanya kazi pamoja wanaweza kusajili kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Kikundi kilichosajiliwa chenye akaunti ya benki na kumbukumbu za mikutano kinaweza kuomba mikopo ya umma, ikiwemo ya Hazina ya Wanawake na Hazina ya Uwezo. Mikopo hiyo hulipwa, kwa hiyo fumeni na muuze kwanza, mjue soko lenu, ndipo mkope. Kabla ya kufungua kibanda, ulizia kibali cha biashara katika ofisi ya Kaunti Ndogo ya Kisauni. Kabla ya kupeleka vichezeo vya watoto madukani, ulizia masharti ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS.

Kobe wa kwanza huenda akawa na gamba lililopinda na jicho moja juu kuliko jingine. Huyo mbaki naye nyumbani, baada ya kupita majaribio manne. Wa tatu au wa nne ndiye wa kupeleka sokoni.